Samadi ya Pale pa Baba

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijafika kwenye paa la jiko, Mama Kikapu alikuwa ameshakwenda shambani mara mbili na kurudi. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu ya kikapu chake cha ukindu. Kilikuwa kikapu cha zamani. Vishikio vyake vilifungwa upya kwa kamba ya nailoni, na chini kilikuwa na kiraka cha gunia. Alikijaza samadi kutoka banda la ng'ombe, akaweka ngata kichwani, akajitwika, akateremka polepole mpaka kipande cha shamba kilicho karibu na bwawa.

Nyumbani, kipande hicho kiliitwa pale pa baba.

Baba alikuwa amefariki miaka kumi na moja iliyopita. Siku zake alikuwa na ng'ombe wanane na zizi la miti mitupu, lisilo na paa. Mwaka alioanza kuumwa, zizi lilikuwa limesimama pale karibu na bwawa. Baada ya msiba, ng'ombe walipungua mpaka wakabaki wawili. Mtoto wake wa kiume akawajengea banda la sakafu ya saruji nyuma ya jiko. Miti ya zizi iliishia kuwa kuni. Lakini pale lilipokuwa zizi, mahindi yaliota marefu, yenye kijani kilichokolea. Mtoto huyo alikuwa na utani wake. Alisema ng'ombe akipotea mle ndani, mtamwona siku ya kuvuna.

Mama Kikapu alitabasamu tu. Kwake yeye, mahindi yale yalikuwa kazi ya mkono wa mumewe. Ndiyo maana samadi yote ya ng'ombe wawili aliipeleka pale, msimu baada ya msimu. Akishamwaga kikapu, alisimama kidogo. Alikumbuka jinsi mumewe alivyoegemea mti wa zizi asubuhi, koti lake la kahawia begani, akiwaita ng'ombe kwa majina. Mmoja aliitwa Karani, kwa sababu alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kwa muda mrefu kama anayemwandika.

Shamba la juu halikuwa na bahati hiyo. Lilikuwa ekari moja ya udongo mwekundu, mteremkoni, nyuma ya nyumba. Kwa miaka mitatu mfululizo mahindi yake yalidumaa. Miche ilipofika magotini, majani ya chini yalianza kuwa na rangi ya zambarau pembeni. Yaliyofika kuzaa yalitoa magunzi yenye mapengo. Msimu uliopita, ekari nzima ilitoa magunia matatu.

Yule mtoto wa Mama Kikapu alikuwa mfyatua matofali, na kila mtu alimwita Fundi. Siku moja baada ya kuvuna alipanda hadi shamba la juu akiwa na vigingi vinne. Akavipigilia kwenye pembe nne, akazungusha kamba. Mchana, walipokaa kula, akasema alichokuwa anakifikiria.

"Mama, shamba lile limechoka. Palizi tunapiga, mbolea ya dukani tunaweka, na bado linatupa magunia matatu. Lakini kwa matofali, udongo wake sijaona mfano wake. Naomba nilichimbe."

Mama Kikapu aliacha kula. "Na ukishalichimba, utalirudisha lini?"

Fundi aliinamia sahani yake. Alijua shimo la matofali halirudi kuwa shamba.

Shamba la juu lilikuwa ardhi ya kwanza ambayo Mama Kikapu na mumewe waliifyeka wakiwa wapya katika ndoa. Mbegu za mwanzo alizibeba kwenye pindo la kanga. Siku ile mvua iliwakuta katikati ya kazi, wakajikinga wote wawili chini ya koti moja, na mbegu nazo zikakingwa humo humo. Hakuyasema hayo mezani. Alisema tu kwamba anaomba msimu mmoja.

Mke wa Fundi alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa barazani. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini yakitoka yanakuwa yamepimwa kwa futikamba. Alisema kwamba miaka mitatu wamekuwa wakibishana na shamba, na hawajamuuliza hata mtu mmoja aliyesomea mashamba. Bibi Shamba, yule mtaalamu wa kilimo, hufika mashineni kila siku ya kusaga. Kumwita hakuna ugumu.

Fundi alikubali, kwa sharti. Msimu ukija na shamba likabaki vile vile, vigingi havitoki, na yeye ataingia na sululu. Mama yake akaitikia kwa kichwa. Hakuweza kumaliza chakula chake.

*

Bibi Shamba alifika baada ya siku mbili, amevaa buti za mpira. Buti moja ilikuwa na kiraka cha tairi la baiskeli.

"Shikamoo mama," alimsalimu Mama Kikapu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, utuonee ugonjwa wetu."

Bibi Shamba hakuwa na haraka ya kusema. Aliuliza maswali mengi na kuyaandika kwenye daftari. Ng'ombe ni wangapi? Samadi inakaa wapi kabla ya kwenda shambani? Inakwenda shamba lipi? Kwa miaka mingapi? Fundi alimnong'oneza mkewe kwamba huyu ndiye Karani aliyefufuka. Mama Kikapu alisikia, akaziba mdomo kwa kanga.

Katika shamba la juu palikuwa na miche michache ya mahindi iliyojiotea kutokana na punje zilizodondoka wakati wa kuvuna. Bibi Shamba aling'oa mmoja kwa beleshi, taratibu, akaupangusa udongo. Mizizi ilikuwa michache na mifupi. Akashuka mpaka pale pa baba, akang'oa mche mwingine wa umri ule ule. Mizizi yake ilikuwa imejaa kama ndevu. Akailaza miche yote miwili juu ya gunia, ubavu kwa ubavu.

Alieleza kwamba mche wa shamba la juu una njaa ya fosforasi. Fosforasi ni chakula kinachosaidia mizizi kukua, na baadaye husaidia mmea kukomaa na kujaza punje. Mche mchanga ukiikosa, unadumaa na mara nyingi majani yanapata ile rangi ya zambarau.

Fundi alikunja uso. "Njaa vipi, na sisi tunaulisha? Mbolea ya kupandia tunayonunua, dukani walituambia ina fosforasi."

"Hawakuwadanganya. Inayo, na mmeiweka, na nyingi yake bado imo humu humu. Tatizo ni kwamba imekamatwa."

"Imekamatwa na nani?"

"Na udongo wenyewe." Aliokota bonge jekundu akalivunja mkononi. "Udongo huu una chuma kingi na alumini. Pia nadhani ni udongo chachu, wenye tindikali nyingi, lakini hilo nitalipima. Fosforasi ikiingia kwenye udongo wa namna hii, chuma na alumini huishika. Ipo, ila mizizi haiwezi kuichukua."

Fundi alichukua kipande cha bonge lile akakigeuza geuza. Udongo huo aliujua kuliko mtu yeyote pale. "Chuma ndicho kinachofanya tofali liive jekundu."

"Ndicho hicho hicho, Fundi. Kinakufaa kwenye tanuri, kinakusumbua kwenye mahindi."

Kabla ya kuondoka, alichota udongo kutoka sehemu kumi za shamba la juu, akauchanganya kwenye ndoo safi, akajaza mfuko mmoja. Akafanya hivyo hivyo pale pa baba. Aliandika jina la shamba juu ya kila mfuko, akasema ataipeleka kupimwa na kwamba hatatoa ushauri kamili mpaka majibu yarudi. Wakati wa kupita kando ya bwawa alisimama tena. Maji yalikuwa na utando wa kijani. Fundi alilalamika kwamba utando huo unamsumbua anapochota maji ya kukandia udongo, na kwamba zamani, enzi za baba, maji yale yalikuwa meupe, mtu anaona mawe ya chini. Bibi Shamba aliandika hilo pia.

*

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Bibi Shamba aliyasoma barazani, cherehani ikiwa imenyamaza.

Shamba la juu lilikuwa chachu kiasi. Fosforasi ambayo mizizi inaweza kuichukua ilikuwa kidogo sana. Pale pa baba mambo yalikuwa kinyume. Fosforasi ilikuwa imezidi mahitaji ya mahindi mara kadhaa.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "pale pameshiba. Hata usipopeleka samadi kwa misimu kadhaa, mahindi hayatapungukiwa fosforasi. Ile inayozidi, mvua inaisomba pamoja na udongo, inaingia bwawani. Ndiyo inayolisha ule utando wa kijani. Samadi yako ni dawa nzuri sana. Ila inakwenda kwa asiyeumwa."

Mama Kikapu aliinuka. Alikwenda nyuma ya jiko, akasimama bandani, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe.

Mkwe wake alimfuata baada ya kitambo. Alimkuta anafuta macho.

"Mnataka nipaache," Mama Kikapu alisema. "Miaka kumi na moja nampelekea. Sina kingine ninachoweza kumpelekea."

Mkwe hakumpinga. Alichukua fagio, akaanza kufagia sakafu ya banda, kazi ambayo haikuwa na haraka yoyote. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za kawaida, iwapo zizi la baba lilikuwa pale karibu na bwawa tangu mwanzo.

"Tangu mwanzo?" Mama Kikapu alishangaa kwamba kuna mtu asiyejua. "Zizi lile halikukaa mahali. Lilikuwa linahama."

Akaanza kusimulia, na kadiri alivyosimulia sauti yake ikapata nguvu. Kila baada ya misimu miwili, mvua zikikaribia, mumewe aling'oa miti yote. Majirani walimcheka, wakamwambia ng'ombe wake wana miguu ya kutangatanga kuliko ya wachuuzi. Yeye alicheka nao na kuendelea kung'oa. Zizi lilianzia shamba la juu, likashuka hatua kwa hatua. Lilipohama, mahali lilipotoka palipandwa mahindi. Shamba la juu siku hizo lilijaza ghala. Kabla ya kung'oa mti wa kwanza, alikuwa na kawaida moja. Alikanyaga ardhi kwa kisigino, akaitazama, akasema maneno mawili.

"Maneno gani, mama?"

"Hapa pametosha."

Mkono wake ukabaki juu ya mgongo wa ng'ombe. Halafu akasema taratibu, kama anayejisemea, kwamba kuna mahali pamoja tu ambapo mumewe hakuwahi kusema hivyo. Ni pale karibu na bwawa. Maradhi yalimwahi.

Walirudi barazani pamoja. Mama Kikapu akamwambia Bibi Shamba aanze tena kueleza, na mara hii aeleze polepole.

*

Bibi Shamba alisema samadi ina kazi zaidi ya moja. Kwanza, yenyewe ina fosforasi. Pili, ikioza udongoni inatoa vitu vinavyokwenda kukaa kwenye chuma na alumini, mahali pale pale ambapo fosforasi ingeshikwa. Nafasi zikishakaliwa, fosforasi nyingi zaidi inabaki huru kwa ajili ya mizizi. Tena samadi hupunguza kidogo ule uchachu, na huwapa chakula wadudu wadogo wa udongoni, ambao nao huifungua fosforasi kidogo kidogo.

Fundi alikuwa amekaa, viwiko magotini. Ghafla akainuka, akaenda kuchukua kalibu, lile boksi la mbao la kufyatulia matofali. Akaliweka katikati ya baraza.

"Ngoja nione kama nimeelewa. Nikitia udongo mbichi humu bila kitu, unang'ang'ania mbao, tofali halitoki. Kwa hiyo kwanza nanyunyiza mchanga mkavu. Mchanga unashika mbao, udongo unateleza."

"Endelea."

"Basi samadi ni mchanga. Chuma ni mbao. Na fosforasi ni tofali langu."

Bibi Shamba alicheka, akasema mfano huo atauiba na kuutumia kwingine. Lakini aliongeza tahadhari. Mchanga huzuia karibu kila kitu, ila samadi haizuii kabisa. Fosforasi nyingine itashikwa tu. Ndiyo maana ni vizuri kuweka samadi na mbolea ya dukani pamoja, tena karibu na mbegu, kwa kuwa fosforasi haisafiri mbali udongoni. Mizizi ndiyo inayoifuata.

Kazi ikaanza bandani. Walizoea kuirundika samadi juani, mvua nayo ikaipiga, na maji meusi yakatiririka kwenda zake. Bibi Shamba alisema maji yale meusi ni chakula cha mimea kinachopotea. Fundi akajenga kibanda kifupi cha nyasi juu ya rundo. Waliichanganya samadi na nyasi walizolalia ng'ombe na majani makavu, wakaifunika, wakaigeuza kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu ilikuwa imepoa. Ilikuwa nyeusi, ikimong'onyoka mkononi, na haikuwa na harufu kali tena.

Mama Kikapu alichukua konzi moja akainusa. Akainusa tena.

"Hii," alisema, "ndiyo harufu ya lile koti lake."

Samadi iliyoiva ilitosha nusu ya shamba la juu, nusu ya pili ikabaki kusubiri zamu yake. Mvua zilipokaribia, walichimba mashimo kwa mstari. Katika kila shimo walitia konzi mbili za samadi, kisha mbolea ya kupandia kipimo cha kifuniko kimoja cha soda. Walichanganya na udongo, wakafunika kwa udongo mwembamba, ndipo wakaweka mbegu, ili isigusane na mbolea ikaungua. Bibi Shamba aliomba mistari minne ipewe mbolea ya dukani peke yake, bila samadi, wapate kulinganisha. Fundi ndiye aliyeisimamia mistari hiyo. Alisema hataki kudanganywa na macho yake mwenyewe. Vigingi vyake aliviacha mahali pake, na kamba juu yake.

Pale pa baba walipanda bila samadi hata konzi moja. Ukingoni mwa bwawa wakapanda ukanda wa nyasi, ili uzuie udongo unaosombwa na mvua.

Wiki ya tano, Mama Kikapu alipanda mteremko bila kikapu. Mistari minne ilikuwa mifupi, ina ile zambarau pembeni mwa majani. Mingine yote ilikuwa imesimama wima, kijani kitupu, imeizidi ile minne kwa zaidi ya shubiri mbili. Alimkuta Fundi amechuchumaa kati ya mistari. Alikuwa anaitazama kwa muda mrefu kama anayeiandika.

"Karani," mama yake alimwita.

Fundi alicheka, lakini hakuinuka.

Siku ya kuvuna, nusu ile ya shamba la juu ilitoa magunia saba. Pale pa baba, bila samadi, mahindi yalikuwa marefu kama zamani. Maji ya bwawa yalikuwa bado ya kijani. Bibi Shamba alikwisha kuwaambia kwamba hilo halitakwisha kwa msimu mmoja, litachukua miaka. Lakini ukanda wa nyasi ulikuwa umeshika, na udongo ulijikusanya nyuma yake.

Fundi alisubiri gunia la mwisho lishonwe mdomo. Mkewe ndiye aliyelishona, kwa sindano ndefu. Kisha Fundi akapanda peke yake hadi juu, akang'oa vigingi vinne, akakunja kamba. Aliporudi alivitupa karibu na jiko, akasema vitafaa kwa kuni, na kwamba kuna udongo mzuri wa matofali kule ng'ambo ya barabara, ambako hata magugu yanasuasua.

*

Msimu uliofuata, Mama Kikapu aliamka mapema kama kawaida yake. Aliijaza samadi iliyoiva kwenye kikapu, akaweka ngata, akajitwika. Safari hii njia ilikuwa ya kupanda. Fundi alitangulia na jembe. Alipofika kwenye nusu iliyozaa magunia saba, akainua jembe tayari kuchimba shimo la kwanza.

"Tuanzie hapa hapa, mama? Pameshatuonyesha kwamba panazaa."

Mama Kikapu alishusha kikapu. Aliitazama ardhi ile, na mabua ya msimu uliopita yaliyolala juu yake. Kisha akaikanyaga kwa kisigino.

"Hapa pametosha," alisema.

Akakiinua kikapu, akampita mwanawe, akaenda kwenye nusu ya pili.